Dunia Saba za Pasta Shiundu

Jumatano, 10 Septemba 2025
Habari tamu leo! Nimewasomea Grade 9 kuhusu zile sayari saba. Zote saizi ya dunia yetu karibu, zinazunguka nyota moja ndogo, nyekundu. Mbali ajabu — mwanga wake unasafiri miaka arobaini kutufikia. Mojawapo huenda ina hewa. Huenda tu.
Jioni nikamsimulia Mama. Akaacha kukatakata sukuma wiki. Kuna watu huko? Nikamwambia hakuna anayejua.

Jumapili, 14 Septemba
Kumbe Mama alimwambia Pasta Shiundu, wa lile kanisa lake la mabati Kawangware! Nikaitwa mbele nieleze. Nikaeleza: nyota ile ni kali, huenda imeshachoma hewa yote ya sayari hizo. Tena inadhaniwa kila sayari imeielekezea uso mmoja tu — huku mchana daima, kule giza daima.
Pasta akachukua maiki. Mmesikia mwalimu? Mchana usioisha! Baba ametuandalia dunia saba!
Watu walilia. Mama pia. Nikarudi nirekebishe — maiki imezimwa.

Jumatano, 17 Septemba
Mama amefunga. Na sukari yake! Eti mwili lazima uwe mwepesi kabla ya safari. Safari gani? Insulini amekataa.
Nilimpigia kelele mpaka majirani wakasikia. Yeye ananiangalia tu, kwa upole. Upole huo ndio umenitisha.
"Nyathina, mwanangu, si ni wewe ulituonyesha njia?"

Jumamosi, 20 Septemba
Nimetoka sokoni, Mama hayuko. Simu yake, mteja hapatikani. Insulini iko pale pale mezani.
Kalekye wa mlango wa pili anasema alichukuliwa na wamama wawili wa kanisa. Kabla ya kutoka aligawa vyombo.
"Mimi alinipa sufuria na jiko, Celine. Nilidhani mnahama."

Jumapili, 21 Septemba
Kanisa limefungwa. Muuza mahindi wa hapo nje anasema wote walihamia nyumba fulani Riruta Satellite, kwa maombi. Tumeitafuta na Kalekye mpaka tukaipata. Geti jeusi. Madirisha yamezibwa kwa blanketi. Ndani wanaimba, lakini sauti ni nyembamba, kama za wagonjwa.
Kalekye amekimbia kuita polisi. Mimi nimegonga.
Mwanamke akachungulia. Midomo imempasuka. Akafurahi kuniona! Mwalimu, karibu, Pasta alisema utakuja.
Mama yangu yuko wapi?
Amelala.
Mchana huu? Mwamshe!
Akaenda kuuliza.
Naandika nimesimama. Insulini iko kwa mkoba. Yule mwanamke amerudi. Anasema niingie nimwone — peke yangu, na simu niiache nje. Kalekye hata haonekani. Geti liko wazi kidogo.
Ndani wameacha kuimba.