Jicho la Jimi

Jumanne. Ukungu umeifunika Mgeta tangu alfajiri, na nina masweta mawili mwilini.

Leo daktari wa mifugo amenieleza jambo ambalo nusu yake nilikuwa naijua.

Tulipomzika baba mwezi uliopita, sikulia. Nilimuuguza miaka minne, nikamwogesha, nikamlisha uji. Nadhani machozi yaliisha njiani. Lakini Jimi, mbwa wake, alilala kando ya kaburi huku maji yakimtiririka hadi shavuni. Watu wakampiga picha kwa simu. Shangazi Asteria, dada yake baba, akanigeukia mbele ya wote: "Mbwa analia, wewe mtoto wa kumzaa unatukodolea macho!"

Watu walicheka. Msibani.

Siku ya pili nikaona maji yanatoka jicho moja tu, la kushoto. Jimi alilikuna kwa ukucha, akasugua uso kwenye majani. Nani analia kwa jicho moja? Nilijua anaumwa.

Nikanyamaza.

Niseme ukweli, maana kwingine sina pa kuusema: nilitaka aumie. Wageni walimsifu, mimi nikalitazama lile jicho likivimba, roho ikatulia.

Leo daktari alikuja kutibu nguruwe wa jirani, akamwona. Akamshika kichwa, akapindua kope, akachomoa mbegu ya nyasi yenye ncha kali. Jicho lilikuwa limeshakuwa jeupe.

"Mbwa halii kwa huzuni, dada," alisema. "Machozi yasipokoma kuna sababu: kitu kimeingia, kope zimejikunja ndani, au njia ya machozi imeziba. Likiwa jicho moja, usisubiri hata siku mbili. Mngeniita mapema, angeona. Hamkumwona anavyojikuna?"

"Tulidhani anaomboleza," nikamjibu.

Ameacha dawa ya matone, ya kuzuia usaha tu.

Jioni shangazi, ambaye bado yuko kwetu na hakumsikia daktari, alimpigia simu binamu yetu wa Mzinga. "Jimi amemlilia kaka yangu mpaka amepofuka," alisema, na sauti ikamkatika. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, chupa ya dawa mkononi. Sikumsahihisha.

Nimemtia Jimi matone mawili. Alitetemeka, kisha akanilamba mkono.

Asubuhi nitamtia tena, na kila asubuhi itakayofuata. Shangazi je, nitamwambia lini?