Yaya, Haikuwa Karuho

Yaya Riziki, dada yangu mukubwa,

Ninakuandikia nikikaa palepale ulipokuwa unaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, hapa Makobola. Mutoto amelala mugongoni, ninaandika nikiinama, basi usicheke. Weye ulikuwa unasema herufi zangu zinatembea kama kuku.

Jana tumeondoa matanga yako. Korali iliimba, watu walijaa mpaka njiani. Na Mama Faida alikuja. Ndiyo, jirani yako mwenyewe, na sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, kichwani, mbele ya watu wote. Nitakuambia. Ngoja kwanza, roho yangu inataka kupitia mahali pengine.

Unakumbuka ugonjwa wako ulivyoanza? Kichwa kinakuuma ukiamka tu, unatapika, halafu muchana unapata nafuu na unarudi ziwani kungojea wavuvi. Jioni moja ulikula sombe kwa Mama Faida, asubuhi ukatapika zaidi. Shangazi akapata jibu palepale: "Ni karuho! Wamemutilia sumu mu chakula!" Hapa kwetu muntu akitapika, tunauliza alikula kwa nani. Hatuulizi kichwa. Akakuletea muntu wa kutapisha na kikombe chake cha majani. Ulikunywa kwa heshima ya shangazi, ukatapika mpaka ukalegea, na kichwa hakikuacha. Tangu hapo watu wakaacha kumusalimia Mama Faida. Vijana wakaanza kusema watachoma nyumba yake.

Minye ninakustaajabia mpaka leo. Mukono wa kuume ulikuwa unaangusha vitu, maneno yanakukimbia, lakini ulivuka mupaka, ukaenda Bujumbura kupigwa skaneri, ile picha ya ndani ya kichwa, na ukamwambia munganga wa lopitali: "Nichoree. Ninataka kuona kile kilicho ndani." Uliporudi ukatuita wote, ukatuchorea mu muchanga na kidole cha mukono wa kushoto.

"Kichwa ni sufuria ya mufupa," ulisema. "Mufuniko wake haufunguki. Ndani kumeota uvimbe, ni kansa ya ubongo. Inakua, inakandamiza, na nikilala inakandamiza zaidi. Ndiyo maana ninatapika asubuhi. Tumbo langu halina kosa."

Shangazi akauliza nani ameitia humo. "Hakuna muntu. Munganga mwenyewe hajui kwa nini imenichagua minye. Haiambukizi. Haitiwi mu sahani. Sumu gani, shangazi, inakaa upande mumoja na kuota kama muhogo?"

Kisha kule lopitali wakakupasua kichwa. Walitoa kile walichoweza, kingine wakakiacha, sababu kilikuwa kimejisokota pale maneno yanapokaa. Kuking'oa chote kungekunyima kusema. Kisha ukaenda mbali kwa ile mashine ya mionzi. Ulisema haiumi, inakuchosha tu, na nywele za upande mumoja zikaanguka. Na vile vidonge vya kupunguza kuvimba kwa ubongo, vinavyotia njaa! Ulikula kama muvuvi aliyerudi asubuhi. Ukajitazama mu kioo: "Angalieni mashavu. Sasa niko mama mubunge!" Tulicheka, yaya, mpaka shangazi naye akacheka.

Ulijua dawa zinakupa muda, haziondoi yote. Munganga hakukuficha, na weye hukutuficha. Na ule muda ulifanya nao nini? Ulienda kukaa uwanjani kwa Mama Faida, muchana kweupe, ukaomba sombe. Akashika kijiko aonje kwanza, kama kila muntu hapa anavyoonja mbele ya mugeni ili kuonyesha hakuna sumu. Ukamushika mukono. "Jirani yangu haonji mbele yangu." Ukala polepole, na mukono wa kushoto, watu wakisimama njiani kutazama. Maneno ya kuchoma nyumba yakaisha.

Siku za mwisho jina langu lilikupotea. Ulinitazama, ukatafuta, ukatafuta, ukaniita "Ndagala." Niliitika. Ningeitika jina lolote.

Lakini ulipokufa, yale maneno yakarudi. "Si mumeona? Amekufa." Kwa hiyo jana, Mama Faida alipotua sufuria, watu wakarudisha sahani nyuma. Shangazi akasema kwa nguvu: "Aonje sombe yake kwanza!" Mama Faida akainua kijiko. Vijana walikuwa wamesimama kando ya ukuta. Niliona kabisa kwamba kama sombe hii haitaliwa, mama huyu hatalala salama hapa.

Yaya, sina kinywa chako. Nilipiga magoti nikachora mu muchanga ile sufuria ya mufupa, na uvimbe ndani, upande wa kushoto, vile ulivyotuonyesha. Sikumbuki nilisema nini. Kisha nikachukua kijiko mu mukono wa Mama Faida, nikala. Nikamushusha mutoto mugongoni, nikamulisha na yeye. Akapiga makofi, anataka ingine.

Shangazi alinitazama. "Huyu naye kichwa kigumu kama Riziki," akasema. Hakumutazama Mama Faida. Lakini alinyoosha sahani. Vijana nao wakakuja nyuma yake, sombe ikaisha.

Lala, yaya wangu. Kwa mulango wangu Mama Faida hataonja kamwe, ninakuahidi. Na nikisikia muntu kichwa kinamuamsha kila asubuhi na anatapika, nitamupeleka lopitali kabla ya muntu wa kikombe. Nitamuchorea. Pengine yeye watamuona mapema, pengine uvimbe wake utatoka wote. Ninaamini hivyo.

Mutoto ameamuka, anavuta karatasi. Ninaacha hapa.

Minye,
Ndagala wako