Choo Kinachong'aa cha Issuna

Ritha, uko? Stumai, yule afisa ustawi wa jamii, kaja kwangu, hakai wala hasimami.

Kile choo cha nyumba moja kijijini Issuna alichohangaika mpaka kikajengwa, akakipiga picha kiwe mfano wa usafi? Hakitumiki. HAKITUMIKI!

Leo kamkuta mkamwana wa pale anatoka kichakani na mtoto anayeharisha.
"Si mna choo?"
"Anaingia baba mkwe, dada. Mimi nitaingiaje humo?"

Akamfuata mzee. Shikamoo, kisha akauliza. Mzee akatazama chini: "Mimi sijaingia hata siku moja. Nilimwachia mkamwana."

Wote kichakani, Ritha, kwa kuheshimiana! Na mtoto anaharisha! Stumai hakuwahi kuwauliza kama wataweza kuchangia choo kimoja.

Kesho vijiji vitatu vinakuja kujifunza pale. Anasema hahutubii. Atawapa wageni sururu, wachimbe choo cha pili, cha mkamwana.