Masikio ya Rukia

Jumatatu, 4 Juni 1962
Nimefua, nimepika uji, nimemwogesha Rukia. Kisha kliniki. Mama mkwe aliniuliza mtoto ana nini. Hana kitu, nikamwambia, ni siku yake ya kuangaliwa tu. Akasema kliniki ni ya wagonjwa. Nikavaa buibui nikatoka.

Kuna nesi mpya, Sidi, mtu wa Rabai. Mpole. Nilidhani atampima uzito tuondoke. Akaketi naye mkekani. Akampa vibiriti vitupu avipange. Akamtazama akitembea, akiinama, akiokota. Yote Rukia aliyafanya. Nikajivuna. Kisha akaniuliza mtoto anasema maneno gani. Ameshapita mwaka na nusu, na hana hata neno moja. Nikajibu kwamba ni mtulivu, kila mtu anamsifu kwa utulivu wake. Nesi akaenda nyuma yake akatikisa mkebe wenye mchele. Watoto wa wenzangu waligeuka. Wangu aliendelea na vibiriti.

Amesema nimtazame nyumbani, kisha nirudi naye. Nimeudhika. Mtoto wangu ni mzima.

Jumatano, 6 Juni
Sikutaka kumjaribu. Nimemjaribu. Alikuwa amenipa mgongo, nikamwita. Kimya. Nikaita kwa nguvu. Nikaangusha kifuniko cha sufuria sakafuni, akageuka. Nilifurahi sana. Baadaye nikafikiri, huenda ni sakafu iliyotikisika chini ya miguu yake. Nikampandisha kitandani, nikagonga kifuniko hewani nyuma yake. Hakugeuka.

Alhamisi, 7 Juni
Hofu. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 10 Juni
Nimemwambia mume wangu. Athmani akasema kwao watoto huchelewa kusema, hata yeye alichelewa. Mamake alikuwa nyuma ya pazia. Akaingia.

"Yuwala, yuwacheka, yuwatembea. Wataka nini tena? Usimtafutie mjukuu wangu ila, kasoro hana."

Athmani akasema basi, mambo ya kliniki yaishe. Nina hasira.

Jumamosi, 16 Juni
Siwezi kukaa vizuri hata sasa. Asubuhi Rukia alitoka kwa mlango wa duka la Athmani akachuchumaa kando ya barabara, anaokota vifuniko vya soda. Lori la mafuta likawa linarudi nyuma. Utingo anapiga kelele, watu wa mtaa wetu wa Magongo wote wanapiga kelele, honi inalia. Yeye kimya, na vifuniko vyake. Athmani aliruka meza ya duka akamnyakua.

Kachubuka mkono tu. Athmani akamketisha juu ya gunia la sukari, akasimama nyuma yake akapiga makofi. Akapiga tena. Akamwita jina, taratibu, kama anayemwomba kitu. Wateja walikuwa wanangoja na hakuwaona.

"Jumatatu tutakwenda sote," akaniambia.

Jumatatu, 18 Juni
Nesi alitupokea bila kunilaumu kwa kuchelewa. Akarudia mkebe, akajaribu na kengele. Athmani alitaka aambiwe kwamba si kitu.

"Kiasi anachosikia sikijui, baba," Nesi Sidi akamwambia. "Ninalojua ni kwamba hafai kungojewa."

Ametuandikia barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, hospitali kubwa ya kisiwani.

Alhamisi, 28 Juni
Hospitali. Daktari ni Mhindi mzee, Kiswahili chake kizuri. Alimchungulia masikio, akampigia ngoma, filimbi, kengele. Rukia husikia sauti nzito, tena ya karibu. Nyingine hapati. Pengine ni homa aliyougua alipokuwa mchanga, hana hakika. Dawa ya kumrudishia hakuna. Akili yake ni timamu.

Akasema tumshukuru nesi. Wengi huletwa wakiwa wakubwa, wakati wa kushika lugha umeshapita. Huyu tuseme naye kwa karibu, auone mdomo, kutwa kucha, tukianzia leo. Na tuwe tunamrudisha kuangaliwa.

Nina huzuni. Pia nimepumua, maana sasa najua. Naona haya kwamba nimepumua.

Ijumaa, 29 Juni
Nilitarajia ugomvi. Mama mkwe aliniita jikoni, akaniambia niketi. Akanihadithia habari za mdogo wake, Mwanaisha, ambaye sikupata kumsikia akitajwa nyumba hii. Hakuwahi kusema. Walimwita bubu. Hakusomeshwa Kurani, hakuolewa, wageni wakija alifichwa. Amekufa hivyo.

"Hapana aliyemtazama masikio," akasema. "Nami kwa Rukia naliona mapema. Naliogopa."

Alilia. Nikamshika mkono. Hasira imenitoka, si yote.

Jumapili, 22 Julai
Kazi ngumu hii. Nashika kikombe karibu na mdomo, nasema kikombe. Nasema tena. Rukia huniangalia, mara akachoka akageuza uso, na akigeuza uso nimekatika kwake. Jana nilishindwa, nikamwacha acheze adhuhuri nzima. Leo nimeanza upya. Mama mkwe ananisaidia, ila anapaza sauti mno, mtaa wote wajua tunakula nini.

Jirani yangu Kadzo amempeleka mwanawe kuangaliwa. Hana tatizo lolote. Alirudi anacheka. Nikamwonea wivu kidogo, kisha nikafurahi naye.

Jumatatu, 20 Agosti
Mvua kidogo mchana. Duka tulifunga mapema.

Athmani si mtu wa maneno mengi. Baada ya Magharibi nilimkuta sakafuni, Rukia mapajani, wametazamana. Anamsimulia siku yake kwa sauti nzito: nani kanunua mafuta ya taa, nani kalalamikia unga. Mtoto kamwekea kiganja kooni. Athmani akinyamaza, Rukia humgonga koo kwa vidole, aendelee. Naye anaendelea.

Nilikuwa nimeshapakua wali. Nikaufunika, sikuwaita.