Wafula Alininawisha Mikono

Jumapili, jioni.

Je, tulimtunza Wafula tulipompeleka kwenye makao ya watu wenye ulemavu, au tulimwondoa tu machoni petu? Nimejiuliza hivyo tangu Mama alipofariki.

Leo nilikwenda kwenye makao hayo, Kariobangi, kumwambia mdogo wangu huyo kwamba chumba chake hapa kwangu Donholm kiko tayari. Nilibeba nyama ya Soko la Burma, nimeikatakata vipande vidogo kama alivyofanya Mama.

Kabla sijalianza jambo lenyewe, alikuja na jagi na beseni, mkono wake wa kushoto, ule usiomtii, ukitetemeka. Nyumbani hatukumruhusu kamwe kuwanawisha wageni. Tulihofia angewamwagia maji.

"Lete mikono, dada. Wewe ni mgeni."

Nilimtazama mlezi wake, Anti Rose. Akacheka. "Nawa tu. Hapa huyu ndiye mwenye nyumba. Hata mimi hunigombeza nikichelewa kula."

Maji yalinilowesha hadi kiwikoni. Tukala, nikaondoka bila kutaja chumba.

Labda ameshapata kwake. Labda anatimiza tu zamu aliyopangiwa. Ningeweza kumuuliza anataka kuishi wapi. Sikumuuliza, kwa sababu sijui ni jibu lipi ninaloliogopa zaidi.