Anayepita Nyuma ya Pua Yangu

Bibi yangu uliyenyamaza kaburini, shikamoo.

Hili sijamwambia mtu yeyote: nikilala pumzi yangu hukatika, na nimekuwa nikiomba nisipone.

Wewe ndiye uliyeanza kuusikia mkoromo wangu. Nikiwa mdogo nililala mchana kwenye mkeka wako, mdomo wazi, nikikoroma kama mtu mzima. Ukanipeleka Itetemia kwa fundi wa kimeo. Akakata, nikatema damu, ukaninywesha uji uliopoa. Koo likapona, mkoromo ukabaki palepale.

"Kama si kimeo, basi si ugonjwa," ukasema. "Ni Babu Mihayo anapumzika."

Babu yako mpagazi, aliyebeba pembe za ndovu kutoka huku hadi pwani, mpaka safari ile ambayo hakurudi. Nina jina lake, kwa hiyo ulisema amepata pa kuhemea. Ukawa unaweka kata ya maji karibu na kichwa changu. Nikiamka, maji yamepungua. Sikuyanywa mimi, Bibi. Wala sikuthubutu kukuuliza kama uliyanywa wewe.

Juzi Zena, binti wa mama mdogo, alinirekodi kwa simu nimelala sebuleni mchana.

"Sikiliza trekta lako, Babu," akanicheka, akiniita hivyo kwa ajili ya jina langu. Halafu akaacha kucheka. "Hapa sasa. Unanyamaza. Wallahi nilikuwa nakuja kukutikisa. Siku moja hutarudi wewe."

Katika ukimya ule nilisikia miguu. Miguu mingi, mchangani, taratibu, kama ya watu wenye mizigo. Pumzi yangu iliporudi ikikwaruza, miguu ikakoma. Nikarudia kusikiliza. Zena hakusikia miguu yoyote.

Mama alikuwa ameshanipeleka hospitali. Daktari aliingiza kamera nyembamba puani, akatuonyesha kinyama nyuma kabisa, kimevimba na kuziba njia. Kinaitwa adenoidi. Kwa watoto wengi husinyaa chenyewe kabla ya umri wangu. Changu kimegoma, na wapo hata watu wazima waliobaki nacho. Ndiyo maana nasemea puani, na masikio yanaziba hadi mwalimu anadhani namdharau. Kimeo cha watu hakikuwa na kosa, Bibi. Shuleni mwili tunausoma kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hakuna anayepita nyuma ya pua ya mtu.

"Akilala, pumzi hukatika?" daktari aliuliza.

"Hapana, anakoroma tu," Mama akajibu.

Mimi, niliyekuwa nikizinduka usiku natweta, nikatazama viatu vyangu. Tukapewa dawa ya kupuliza puani, turudi kuangaliwa. "Ingekuwa inakatika," daktari akasema, "ningewaambia tukitoe, tusingoje."

Kikitolewa, wale wenye mizigo watapita wapi? Na wewe je? Maana jana, usingizini, uliniita. Karibu kabisa, kwa sauti ile ya kuniamsha nikale. Mdomo ulishafunguka niitike. Nikazinduka natweta, shuka limelowa jasho, nikakumbuka ulichonifundisha mwenyewe: ukiitwa na usiyemwona, usiitike.

Nakupenda, Bibi. Sitaitika.

Nasikia ndala za Mama ukumbini. Kila nikizisikia huusokomeza ukurasa huu chini ya godoro. Leo nauacha mezani, na simu ya Zena, niliyoiazima, kando yake.

Amesimama mlangoni. "Unamwandikia nani?"

Ngoja nimwambie asikilize, kisha turudi kwa daktari. Lala, Bibi. Mimi nataka kuamka.

Mjukuu wako, mwenye jina la babu yako