Hedhi Iliyokuja kwa Adabu

Jumamosi jioni, nimerudi kwangu Kimbo. Jua limewaka mchana kutwa, miguu inaniuma kwa kucheza, na nina furaha hadi sijui nianzie wapi.

Nianze na asubuhi. Nimeamka nikakuta hedhi imekuja, siku ya ishirini na tisa tangu ile iliyopita. Kidogo tu, bila maumivu, kama mgeni anayebisha hodi kabla ya kuingia.

Nilikaa chooni nikacheka peke yangu.

Mwaka jana nisingecheka. Damu ilikuwa inatoka siku tisa, kumi, tena kwa mabonge. Siku moja nikiwaandikia wanafunzi wangu wa darasa la tatu hesabu ubaoni, sketi ililowa, na mwalimu mwenzangu akaja mbio kunifunga leso yake kiunoni. Tangu hapo nikawa mtu wa nguo nyeusi. Niliacha kwenda harusini, nikaacha chama chetu cha akiba cha wanawake, hata kanisa. Nilichoka, nikasikia baridi hata juani, nywele zikakatika, nikasema ni mawazo tu. Daktari mmoja wa Thika ndiye aliyenipima damu akaniambia tezi yangu ya shingoni, thairoidi, haitoi homoni ya kutosha. Akaniandikia kidonge cha kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, chai baadaye.

Sitadanganya hapa. Miezi ya kwanza ya dawa ilinichanganya. Mwezi mmoja hedhi ilikuja mara mbili. Uliofuata haikuja kabisa, na Kamau, mume wangu, akaanza kunitazama akitabasamu. Tukapima. Hakuna mimba. Nilitaka kuvitupa vile vidonge. Nesi wa kliniki akaniambia nisiache, mwili bado unazoea, nirudi nipimwe tena. Nilirudi, dozi ikaongezwa.

Na leo ilikuwa ruracio, sherehe ya mahari, ya mdogo wangu Njeri, nyumbani kwetu Ngoliba. Wanawake wa kwetu walikuwa wamekubaliana kuvaa rangi ya krimu. Mimi nilikuwa nimeshamwambia Njeri nitavaa nyeusi, nikae jikoni na masufuria. Lakini asubuhi, nilipotoka chooni, nilifungua kabati nikalitoa lile gauni la krimu.

Nikalivaa.

Nimeimba na kucheza mbele ya wakwe. Nimekaa kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe bila kujikagua nyuma hata mara moja. Njeri alinivuta kando akasema, "Wambui, nilikuwa nimekumiss."

Wageni walipoondoka, nikiosha vyombo na Maitu, mama yangu, nilimsimulia kila kitu, tangu ile sketi hadi leo. Alikuwa amevaa sweta, kwenye joto lile.

"Mimi pia nilitoka damu hivyo, miaka mingi," akasema. "Nilidhani ndivyo wanawake tulivyoumbwa. Iliisha yenyewe, lakini uchovu haujawahi kuniacha."

Hakuwahi kuniambia. Na mimi sikuwahi kumuuliza.

Nikamwomba aje apimwe. Akasema ataona, kuna mahindi ya kuanika. Lakini nilipokuwa naondoka alinifuata hadi langoni, akatazama kwanza kama kuna mtu anayesikia, kisha akaniuliza daktari wangu huanza kuona watu saa ngapi.

Saa mbili, Maitu. Nimeshaomba ruhusa shuleni kwa simu. Jumatatu tutaenda Thika, mimi na wewe.